Kioo kilichovimba kinavyopinda nuru na kurejesha herufi zilizopotea

KWA watu wengi waliotimiza umri wa miaka 40, dalili ya kwanza huonekana mkononi wala si jichoni. Gazeti lililokuwa likisomwa karibu na kifua huanza kusukumwa mbali, kisha mbali zaidi, hadi siku moja mkono unakuwa mfupi na herufi bado hazisomeki.

Fundi wa cherehani huanza kumwita mtoto amtungie uzi kwenye sindano. Anayechagua mchele haoni tena changarawe. Mwingine, na hili ni jambo la hatari, humkabidhi mtu baki simu yake ili amsomee ujumbe wa M-Pesa.

Dawa ya haya yote ni kipande cha kioo au plastiki kilichovimba katikati na kuwa chembamba pembeni. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uwezo wa kuona, lilikadiria kwamba watu milioni 826 ulimwenguni walikuwa na tatizo hili la kutoona vya karibu kwa sababu ya umri ilhali hawajapata miwani ya kuwafaa.

Kwamba kipande hicho hufanya kazi, hakuna anayebisha. Jinsi kinavyoifanya ndilo jambo ambalo wengi wetu tulilipitia shuleni tukichora mistari kwa rula, bila kuelewa mistari ile ilikuwa ikisema nini.

Mkokoteni mchangani

Tuanze na neno lenyewe. Lenzi ni neno lenye asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kamande, ile ambayo watu wa Pwani huiita adesi. Waarabu nao hutumia neno moja, adasa, kwa kamande na kwa lenzi. Itazame punje moja ya kamande kwa ubavu nawe utaona sababu: imevimba katikati na kuchongoka pembeni pande zote.

Lenzi ya umbo hilo huitwa lenzi mbinuko, tofauti na lenzi mbonyeo ambayo imebonyea katikati.

Kiswahili kina utata mdogo hapa. Neno kioo hutumika kwa kile cha kujitazamia na pia kwa kile cha dirishani. Kioo cha kujitazamia huirudisha nuru ilikotoka. Lenzi huiruhusu nuru ipite, ila haiiachi iendelee na njia iliyokuja nayo.

Nuru husafiri hewani kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ikiingia majini, kasi hiyo hushuka hadi kiasi cha kilomita 225,000, na ndani ya kioo cha kawaida hushuka hadi karibu kilomita 200,000. Kupungua huko kwa kasi ndiko chanzo cha kila kitu tutakachokieleza.

Mfikirie mchukuzi anayesukuma mkokoteni juu ya lami, kisha akaingia kwenye mchanga. Akiingia wima, magurudumu yote mawili hugusa mchanga kwa wakati mmoja. Mkokoteni hupunguza mwendo lakini haugeuki.

Akiingia kwa mshazari mambo hubadilika. Tuseme gurudumu la kulia ndilo linalotangulia kufika mchangani. Litazubaa hapo huku la kushoto likiendelea kukimbia juu ya lami, na mkokoteni utageuka upande wa kulia, mchukuzi atake asitake. Wakati wa kutoka mchangani, gurudumu linalotangulia kufika kwenye lami hupata kasi kabla ya mwenzake, na mkokoteni hugeuka tena.

Nuru hufanya vivyo hivyo inapovuka kutoka hewani kuingia majini au kwenye kioo. Ndiyo sababu kasia lililotumbukizwa majini huonekana kana kwamba limevunjika. Wavuvi wanaotumia mkuki hulijua jambo hili: hulenga chini ya pale samaki anapoonekana, kwa kuwa maji humwonyesha samaki akiwa juu zaidi ya alipo.

Mwanahisabati Ibn Sahl wa Baghdad alikwishaeleza kanuni ya kupinda huku katika andiko la mnamo mwaka 984, alipokuwa akichunguza lenzi zinazoweza kuwasha moto kwa nuru ya jua. Barani Ulaya kanuni hiyo ilifikiwa na Mholanzi Willebrord Snellius mwaka 1621. Vitabu vya shule vinaendelea kuiita kanuni ya Snell, na Ibn Sahl aghalabu hatajwi.

Sasa turejee kwenye ile punje ya kamande. Mwale wa nuru unaopita katikati kabisa ya lenzi hukuta nyuso mbili za kioo zikiwa sambamba, kwa hivyo hupita bila kubadili mwelekeo. Mwale unaopita kando hukuta mteremko. Hupinda unapoingia, ukapinda tena unapotoka, na mara zote mbili huelekezwa upande wa katikati.

Kadiri mwale unavyopita karibu na ukingo ndivyo mteremko unavyozidi, na ndivyo mwale unavyopindwa zaidi. Huo ndio ustadi wa umbo hili. Mwale uliokuwa mbali zaidi na katikati ndio wenye safari ndefu zaidi ya kurudi, nao ndio unaosukumwa kwa nguvu zaidi. Matokeo yake ni kwamba miale yote hukutana mahali pamoja.

Ikiwa nuru imetoka mbali sana, mathalan kwenye jua, miale yake huifikia lenzi ikiwa sambamba. Mahali inapokutana upande wa pili huitwa fokasi, na umbali kutoka lenzi hadi hapo ni urefu wa fokasi. Watoto wanaotoboa karatasi kwa moto wa jua na kioo cha kukuzia huwa wameipata fokasi bila kuambiwa jina lake. (Ni heri wafunzwe mapema kwamba hakuna kulitazama jua kupitia lenzi, hata kwa nukta moja ya saa. Kinachotokea kwenye karatasi kitatokea ndani ya jicho.)

Mti ukutani

Kuunguza karatasi ni jambo moja. Kuchora taswira ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi hupotea.

Chukua mwembe ulio nje ya nyumba mchana. Kila nukta ya kila jani lake hutawanya nuru kila upande, ikiwemo kupitia dirishani hadi kwenye ukuta mweupe wa sebuleni. Kwa nini basi hatuuoni mwembe ukutani?

Jibu ni kwamba ukuta haukosi nuru ya mwembe. Unayo, tena nyingi mno. Kila nukta ya ukuta hupokea nuru kutoka kila jani, kutoka mbinguni, kutoka paa la jirani, vyote kwa pamoja. Rangi zote huchanganyika na kinachobaki ni weupe mtupu, kama barua elfu zilizomwagwa sakafuni pasipo mtu wa kuzipanga.

Lenzi ndiyo mpangaji. Nuru yote iliyotoka nukta moja ya mwembe na kuiangukia lenzi, iwe imepita juu, chini au ubavuni mwake, hukusanywa na kupelekwa kwenye nukta moja tu ya ukuta. Nukta jirani ya mwembe hupata nukta jirani ya ukuta. Zikishapangwa zote namna hiyo, mwembe mzima huwa umechorwa.

Aidha, huwa umechorwa kichwa chini. Nuru ya kilele hushuka ikipitia lenzi na kuishia chini, na ile ya shina hupanda na kuishia juu. Ya kulia nayo huenda kushoto.

Msomaji hana haja ya kuliamini hili kwa maneno. Tafuta miwani ya kusomea yenye namba 3.00, uzime taa mchana katika chumba chenye dirisha, kisha usimame karibu na ukuta unaotazamana na dirisha hilo. Ishike miwani sambamba na ukuta, umbali wa sentimita 33 hivi, halafu isogeze mbele na nyuma kidogo kidogo. Kitambo si kitambo, mandhari ya nje yatatokea ukutani, miguu juu, kwa rangi zake zote, na matawi yakitikiswa na upepo. Ni sinema isiyotozwa kiingilio.

Baada ya hapo, funika nusu ya lenzi kwa kadi ngumu. Kabla hujatazama, muulize aliye nawe chumbani ni nusu gani ya mti itakayotoweka.

Wengi watataja ya juu au ya chini. Ukweli ni kwamba hakuna itakayotoweka. Mti utabaki mzima, ila utakuwa umefifia. Nusu ya lenzi iliyobaki wazi bado inapokea nuru kutoka kila jani la mti, kwa hivyo bado inaweza kulichora kila jani. Kilichopungua ni wingi wa nuru.

Kosa hilo hutokana na ile michoro ya shuleni. Mwanafunzi wa kidato cha nne huchora miale miwili au mitatu kwa sababu hiyo ndiyo iliyo rahisi kuipimia kwa rula, naye huondoka akidhani kwamba miale hiyo tu ndiyo inayoijenga taswira. Kwa maoni yangu, dakika tano za kufunika lenzi kwa kadi zingemfaa kuliko ukurasa mzima wa michoro.

Umbali huamua

Tuchukue lenzi ambayo urefu wake wa fokasi ni sentimita 10, na mbele yake tuweke mshumaa unaowaka.

Mshumaa ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye lenzi, taswira yake hutokea sentimita 15 upande wa pili, imepinduka na ina nusu ya kimo cha mshumaa. Usogeze hadi sentimita 20, na taswira itakuwa sentimita 20 vilevile, kimo sawa na cha mshumaa wenyewe. Usogeze hadi 15, na taswira itarudi nyuma hadi sentimita 30 ikiwa na kimo maradufu. Kwa hivyo, kadiri kitu kinavyoikaribia lenzi ndivyo taswira yake inavyokimbilia mbali na kukua. Kumbuka jambo hili, maana ndilo kiini cha matatizo ya macho ya watu wazima.

Mshumaa ukifika sentimita 10, yaani kwenye fokasi yenyewe, miale hutoka ikiwa sambamba na haikutani popote. Ukutani hapaonekani kitu.

Ukisogezwa karibu zaidi, tuseme sentimita 5, lenzi huwa haina tena nguvu ya kuikutanisha miale, ambayo hutoka ikiwa bado inatawanyika, ingawa si sana kama mwanzo. Hata hivyo, mtu akichungulia kupitia lenzi, jicho lake huifuata miale hiyo kinyumenyume na kuona mshumaa mkubwa, uliosimama wima, mahali ambapo hakuna mshumaa. Hiyo huitwa taswira ya kudhania, kwa sababu haiwezi kunaswa kwenye ukuta. Kioo cha kukuzia si kingine ila hicho.

Kamera, projekta, hadubini na darubini za lenzi zote zimejengwa kwa kanuni hizi, tofauti ikiwa ni lenzi ngapi na kwa umbali gani.

Lenzi isiyovimba tena

Jicho nalo hufuata sheria hizo hizo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi nyingi mjini Cairo katika karne ya 11, alisisitiza kwamba tunaona kwa nuru inayoingia jichoni, kinyume na waliodhani kwamba jicho hutoa miale. Mwaka 1604 Mjerumani Johannes Kepler alieleza kwamba taswira huchorwa nyuma ya jicho, kwenye utando uitwao retina, nayo huchorwa kichwa chini. Ubongo ndio unaotupa ulimwengu uliosimama wima.

Watu wengi hudhani kwamba kazi yote ya kupinda nuru hufanywa na lenzi iliyo nyuma ya mboni. La hasha. Sehemu kubwa zaidi, kama thuluthi mbili hivi, hufanywa na konea, ule utando mwangavu wa mbele kabisa ambao nuru hukutana nao ikitoka hewani. Ila konea haibadiliki. Lenzi ndiyo yenye uwezo wa kujirekebisha.

Na kurekebisha ni lazima. Tuliona kwamba kitu kikisogea karibu, taswira hukimbilia nyuma. Kamera hulitatua hilo kwa kusogeza lenzi, lakini jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi na retina haina pa kurudi. Badala yake, tunapotazama kitu cha karibu, msuli mdogo unaoizunguka lenzi ya jicho hujikaza, nyuzi zinazoivuta lenzi hulegea, na lenzi huvimba zaidi. Ikivimba hupinda nuru zaidi, na taswira hurudi kwenye retina.

Mtoto wa miaka 10 anaweza kuona sawasawa kitu kilicho sentimita 7 au 8 kutoka usoni mwake. Lenzi yake ni laini. Lakini lenzi huendelea kukua na kukazana maisha yote, na kila mwaka huzidi kuwa ngumu. Katika umri wa miaka 40, mahali pa karibu zaidi pa kuona vizuri huwa pamefika kiasi cha sentimita 22. Miaka 50 ikigonga, ni sentimita 40 hivi, na kwa mtu wa miaka 60 huenda ikawa mita nzima. Mkono wa nani una urefu huo?

Huu si ugonjwa, wala hautokani na kusoma sana usiku. Humpata msomi na asiyejua kusoma.

Miwani ya kusomea humsaidia mtu huyu kwa njia nyepesi. Nuru inayotoka kwenye gazeti lililo karibu hufika ikiwa imetawanyika mno kiasi kwamba lenzi ngumu ya jicho haiwezi kuikusanya kwa wakati. Miwani huipinda mara ya kwanza, na jicho humalizia.

Namba iliyobandikwa kwenye miwani ni kipimo cha nguvu hiyo, kiitwacho diopta. Gawanya 100 kwa namba hiyo nawe utapata urefu wa fokasi kwa sentimita: miwani ya 1.00 ina sentimita 100, ya 2.00 ina 50, ya 3.00 ina 33. Aliye na miwani ambayo namba yake imefutika anaweza kuijua kwa lile jaribio la dirisha na ukuta, akitumia mandhari ya mbali na kanda ya fundi cherehani. Ikiwa taswira imetulia kwenye sentimita 40, hiyo ni 2.50.

Ipo imani iliyoenea kwamba miwani hudhoofisha macho, na kwamba ukianza kuivaa utaizoea na namba itapanda. Namba hupanda kweli, lakini si kwa sababu ya miwani. Lenzi ya jicho ingeendelea kukauka hata kama miwani ingefungiwa sandukuni. Anayekataa kuvaa halindi kitu, anajinyima tu.

Hasara yake imewahi kupimwa. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa wachuma chai 751 wa jimbo la Assam, India, wote wakiwa na umri wa miaka 40 au zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu walichuma zaidi ya wenzao kwa takriban asilimia 22. Utafiti mwingine kutoka Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha mapato ya waliopewa miwani ya kusomea yakiongezeka kwa karibu thuluthi moja. Mchuma chai wa Kericho au Nandi naye hutafuta majani mawili na chipukizi yale yale, na mwenye kilo chache hulipwa kidogo.

Haimaanishi kwamba kila mtu akimbilie miwani ya mezani sokoni. Miwani hiyo huwa na namba moja pande zote mbili, ilhali macho ya wengi hayalingani. Isitoshe, muuzaji hawezi kumwambia mteja kwamba ana presha ya macho, ugonjwa unaopunguza uwezo wa kuona kimyakimya, na kinachopotea kwa ugonjwa huo hakirudi. Aliyefika miaka 40 ana kila sababu ya kupimwa macho na mtaalamu hata kama anaona mbali bila shida. Mtoto asiyeona ubao darasani naye hahitaji lenzi mbinuko. Aghalabu huhitaji ile iliyobonyea.

Kuna hali moja ambapo miwani haifui dafu. Lenzi ya jicho inaweza kupoteza uangavu wake na kuwa na ukungu, hali tuiitayo mtoto wa jicho. Nuru haipangwi tena, bali hutawanywa ovyo, na ulimwengu huwa kama unaotazamwa kupitia dirisha lenye mvuke. Zamani madaktari waliiondoa lenzi hiyo na kumwachia mgonjwa miwani minene yenye nguvu ya diopta 10 hivi, yaani karibu sawa na lenzi yetu ya mshumaa, ikining'inia puani.

Mabadiliko yaliletwa na daktari Mwingereza Harold Ridley. Alipowatibu marubani wa Vita vya Pili vya Dunia, aligundua kwamba vipande vya plastiki kutoka kwenye vioo vya ndege vilivyopasuka na kuingia machoni mwao vilikaa humo bila kuleta uvimbe. Mnamo Novemba 29, 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, alimtilia mgonjwa lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo mahali pa lenzi yake iliyoharibika. Wataalamu wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Leo upasuaji huo hufanywa ulimwenguni kote, zikiwemo hospitali na kambi za macho humu nchini, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Lenzi hiyo ya kawaida ya plastiki haivimbi. Daktari huchagua nguvu yake kabla ya kuitia, na mara nyingi huchagua ile ya kuonea mbali. Kwa hivyo mzee aliyetolewa bandeji jana anaweza kumtambua mjukuu wake akiwa bado langoni, kisha akaketi, akalifungua gazeti, na kuuliza miwani yake ya kusomea iko wapi.